Mkono wa Bibi

Kuongeza chumba kwenye nyumba kongwe ni jambo la adabu kabla halijawa jambo la mawe. Nyumba mpya unaijenga utakavyo, na ikikushinda unasema ndiyo mitindo. Lakini nyumba kongwe imeshakaa. Jua lake inalijua, mvua yake inaijua, nyufa zake imezizoea, halafu unakuja wewe na mwiko wako kuiambia kwamba haijaisha. Hakuna apendaye kuambiwa hajaisha. Kwa hiyo ukuta mpya usipande juu kuliko wa zamani. Madirisha yawe membamba kama yaliyotangulia, hata kama mwenye nyumba ameona makubwa kwa jirani na roho inamwenda mbio. Saruji usiipeleke karibu na chokaa, maana chokaa hupumua na saruji haipumui, na ukizilaza pamoja, baada ya masika mawili ukuta unatoka jasho na lipu inadondoka vipande. Haya nayajua. Nimeyafanya miaka mingi, kama ni mimi niliyeyafanya.

Nasema kama ni mimi kwa sababu katika mji wetu fundi ni mmoja. Anaitwa Fundi Faki. Baba yangu aliitwa Fundi Faki, na baba yake, na aliyemtangulia yeye. Mwiko tunarithiana, na nadhani tunarithiana na mkono unaoushika. Wateja hawaulizi ni Faki yupi. Huniambia, "Wewe ulimjengea bibi yangu," nami sikatai, kwa kuwa nikifumba macho nakumbuka kila kitu, uzito wa mawe, harufu ya chokaa ikizimwa kwa maji, hata ubishi wa bibi mwenyewe. Huenda nakumbuka kweli. Huenda nimeambiwa mara nyingi mpaka kumbukumbu ikaona tabu kubisha. Sikuwahi kukosa usingizi kwa swali hilo, basi nililiacha lilivyo.

Na nyumba za mji wetu zina tabia moja ambayo mgeni huambiwa mapema asije akapotea. Hujengwa kutoka ndani kuja nje. Chumba cha kwanza kiko nyuma kabisa, na kila anapoozwa binti huongezwa chumba kingine mbele, kuelekea barabarani. Binti wa kwetu haendi kwa mume. Mume ndiye anayekuja. Kila chumba hubaki katika siku yake ya harusi, kwa hiyo ukiingia ndani zaidi unarudi nyuma zaidi, wala simaanishi kwa mawazo tu. Watu huishi katika chumba cha mbele. Vya nyuma hufagiliwa mlangoni na kufukizwa udi siku ya Ijumaa, lakini haviingiwi. Wanasema ni heshima. Mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo.

Bi Somoe aliniita Alhamisi asubuhi. Nyumba yake ina vyumba sita na alitaka cha saba. Niliinama mlangoni kwake kama anavyoinama kila mtu, nikabisha hodi nikiwa nimeshaingia nusu.

"Karibu Fundi. Umechelewa."

"Nimechelewa miaka thelathini, Bi Somoe, au dakika kumi?"

"Weye maneno hayakuishi. Ingia. Wageni wanakuja baada ya alasiri na hata kamba ya msingi haijapigwa."

Wageni walikuwa watu wa posa. Binti yake Mize alikuwa ameposwa na mtu mzima wa mtaa wa pili, muungwana, mwenye duka la vitambaa na ndevu zilizoanza kuchanganya mvi. Ada ya mji ni kwamba wazee wa mume huja kuukagua msingi wa chumba kipya. Wakiona kamba imenyooka, siku ya harusi hutajwa pale pale. Kwa hiyo kazi yangu ya siku hiyo ilikuwa ndogo: kupima, kupigilia vigingi vinne uwanjani, kufunga kamba. Kazi ya asubuhi moja, na kahawa ingebaki ya kunywa.

Alinifunulia kanga iliyokunjwa mara tatu. Ndani yake mlikuwa na Mkono wa Bibi.

Huo si mkono wa nyama. Ni ufito wa mti mgumu, umeshikwa na watu mpaka unang'aa, urefu wake ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Kiwiko chenyewe ni cha Bibi Riziki, mwanamke wa kwanza wa nyumba hiyo, aliyejengewa chumba cha kwanza. Nyumba yote imepimwa kwa ufito huo: daka la kuingilia, ngazi, vishubaka vya ukutani, na milango, ambayo kwa mafundi wote wa dunia yetu huwa mikono minne kwenda juu. Milango ya nyumba hiyo ni mifupi. Hupiti bila kuinama. Ukoo wao hujivunia jambo hilo kuliko dhahabu. Husema Bibi aliitaka milango hivyo ili kila aingiaye amwinamie, na wamezoea hata barabarani wanatembea vichwa vimetangulia. Mji mzima unawataja kwa adabu zao.

Ufito una kazi ya pili pia. Kila sikukuu binti wa nyumba huambiwa anyooshe mkono, awekewe ufito juu yake. Siku mkono unapoifikia ncha, binti amekua. Fundi huitwa, na fundi humpima mara ya mwisho kwa kamba ili kuhakikisha. Binti huambiwa anapimwa mkono wa gauni la sikukuu, asije akaogopa. Nimewaambia hivyo mwenyewe, mimi au baba zangu. Kipimo kimoja cha milango na cha mabinti, na sikuona ajabu, maana mtu aliyezaliwa akalikuta jambo hulichukua kama alivyolichukua jua.

"Mkono wa Mize umefika," alisema Bi Somoe. "Juzi nimempima. Umefika na umepita kidogo."

Niliupokea ufito, nikaupindua. Ncha yake ilikuwa imelika. Nilipopitisha kidole gumba, unga mwembamba ulimwagika kwenye kiganja.

"Bi Somoe, huu umeliwa na mchwa."

"Umeliwa wapi?"

"Hapa. Tazama. Mtoto amefika penye ncha, lakini ncha yenyewe imemfuata mtoto."

Aliutazama ufito. Ni mwanamke mrefu, Bi Somoe, na kwa kuwa ameishi miaka yote chini ya milango ile ana donge dogo katikati ya paji la uso, kama la mtu wa ibada nyingi. Alijigusa hapo.

"Sasa utafanyaje? Watu wanakuja leo."

"Siwezi kujenga kwa kipimo kilichotafunwa. Chumba kitaonekana kibeti mbele ya vingine, na watu watasema Faki amezeeka. Lazima nipate urefu wa asili. Mlango wa chumba hiki siuamini, huenda mchwa walikuwa wameshaanza. Wa kuaminika ni wa kwanza. Nitaupima, nitagawa kwa nne, nitachonga ufito mpya."

"Hatuingii huko."

"Nyinyi hamuingii. Mimi ni fundi, naingia hata chooni."

Hakucheka, lakini hakunizuia. Mize alikuwa amekaa ukumbini na sare yake ya skuli, daftari magotini, akiandika huku amejinyamazia. Aliniamkia, "Shikamoo Ami Faki," nikamwitikia marahaba, nikachukua kamba na timazi, nikainama, nikaingia.

Chumba cha sita. Nilimkuta Bi Somoe mwenyewe, wa siku ya harusi yake. Alikuwa ukingoni mwa kitanda, amevishwa, hina mbichi miguuni, mdogo. Yule wa nje alikuwa anakohoa ukumbini nami nilikuwa namsikia, na huyu wa ndani ananitazama.  Aliiona kamba mkononi mwangu na, bila kuambiwa, akanyoosha mkono wake wa kushoto.

Nikapita.

Chumba cha tano. Mama yake. Kitanda kile kile, hina ile ile. Akanyoosha mkono.

Cha nne. Sikumjua jina. Akanyoosha mkono.

Nilianza kwenda haraka. Mgongo uliniuma kwa kuinama, nami nilijiambia naharakisha kwa ajili ya mgongo. Cha tatu. Cha pili. Mkono, mkono. Yote urefu mmoja. Ningeweza kuipanga kwenye benchi na kupitisha pimamaji juu yake, lile povu la ndani yake lisingecheza. Mimi ndiye niliyewapima. Si baba. Hakuna baba katika vyumba hivyo, kuna Fundi Faki tu, na kila mmoja wao ananijua, na hakuna hata mmoja aliyeniogopa. Hilo ndilo lililonichoma. Laiti wangeniogopa.

Nikafika mlango wa kwanza. Nikaishusha kamba kutoka linta ya juu hadi kizingiti cha chini, nikaikunja mara mbili, nikaikunja tena, nikaushika urefu uliobaki. Nikauweka kwenye mkono wangu mwenyewe, kiwiko kwa kiwiko. Ulipungua vidole vinne.

Sasa hapa nataka kufikiri polepole, kwa sababu fundi akikosea hufikiri haraka na akipatia hufikiri haraka vilevile. Mlango ni mikono minne. Kanuni hiyo ni nzuri, haina kosa: chukua mtu mzima yeyote, mwanamume au mwanamke, mikono minne kwa kipimo cha mkono wake atapita wima na kilemba kichwani. Mwili wenyewe umeumbwa hivyo. Basi mlango wa mikono minne usiopitika wima una maelezo mawili tu. Ama fundi alilewa, na sisi akina Faki hatunywi. Ama aliyepimwa alipita wima. Alipita wima kabisa, na nafasi ikabaki juu ya kichwa chake. Mlango haukujengwa mfupi ili watu wamwinamie Bibi. Ulijengwa sawasawa. Ulimfaa. Kisha vizazi vitano vikainama katika mlango uliomfaa mtu mmoja, wakatafuta jina la kuinama kwao, wakaliita adabu. Na mimi nikaongeza chumba juu ya chumba, nikasifiwa kwamba vyumba vyangu vinaoana na nyumba. Vinaoana! Nilikuwa nanakili urefu wa mtu bila kuuliza ana umri gani.

Tunasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nikafungua.

Kitanda kilikuwa cha samadari, kile cha miguu mirefu ya kuchonga, na aliyekikalia miguu yake haikugusa sakafu. Aliitikisa mmoja baada ya mwingine. Alikuwa na pengo pembeni mwa kinywa, palipong'oka jino la utotoni na jipya bado halijajitokeza. Shingoni wamemvisha mkufu wa mtu mzima, umefika tumboni.

"Boriti ziko thelathini na moja," aliniambia. "Nimezihesabu. Halafu hizo mbili pale zimeliwa."

"Shikamoo Bibi," nilisema. Ndivyo tulivyofundishwa kumtaja.

Alicheka, akaziba pengo kwa mkono. "Unaniamkia mimi? Mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

Niliificha kamba nyuma ya mgongo. 

"Wewe ndiye uliyenipima," alisema. "Ulisema unanipimia mkono wa gauni. Limekwisha?"

"Bado."

"Mama alisema nitalala hapa siku mbili tu. Mbili zimeshapita?"

"Zimepita."

"Basi mbona hawajanijia? Au umekuja kunichukua wewe?"

Nina umri wa kutosha, nimeangukiwa na ukuta, nimezika watoto wawili, sijioni mtu wa kulia mbele za watu. Nilichuchumaa pale mlangoni nikalia. Yule mtoto alishuka kitandani, akaja kusimama karibu, akanipigapiga begani kama wanavyofanya watoto wanapowaiga wakubwa. Pale mlangoni kwake alisimama wima kabisa, na juu ya kichwa chake palibaki nafasi ya ngumi moja.

"Nitakuja," nilimwambia. "Nakwenda kumwita mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba nani?"

Nikatoka.

Bi Somoe alikuwa amesimama palepale nilipomwacha. Alinitazama machoni, akaona yalivyokuwa mekundu, akaamua kutoyaona.

"Umepata kipimo?"

"Nimepata."

"Mize ametimia?"

"Kwa macho yangu ametimia kabisa, hata bila mchwa. Kuna tatizo jingine. Bibi Riziki ni mtoto."

"Nini?"

"Mtoto, Bi Somoe. Ana pengo. Miguu haifiki chini. Mkono wake ni mfupi kuliko wangu kwa vidole vinne, na hajamaliza kukua. Nyumba hii yote imepimwa kwa mkono wa mtoto, na mabinti wote wa nyumba hii wameozwa siku walipolingana na mtoto. Wewe pia. Nimekupita chumba cha sita sasa hivi."

Alikasirika. Nilitegemea angekasirika. Alisema Bibi alikuwa mwanamke wa maungo na sauti, akikohoa huku wanasikia mtaa wa pili, kila mtu anajua. Nikamwuliza nani alimwona. Akasema haya ni mambo ya kuambiwa, si ya kuonwa. Akasema watu wanakuja, vigingi havijapigiliwa, na mimi nimemletea hekaya. Mwishowe akasema lile ambalo husemwa.

"Samaki mkunje angali mbichi, Fundi. Mimi nilikunjwa mapema. Nimekufa?"

"Hukufa, Bi Somoe. Umekunjika."

Alininyanyulia mkono kama atakayenipiga kofi. Ukabaki hewani, mrefu, na sote wawili tukautazama. Kisha akaushusha.

"Nenda ukaone," nilimwambia. "Ukirudi ukaniambia nipige kamba, nitapiga. Nakuapia. Nitajenga chumba kitakachooana na nyumba mpaka watu wasijue kilipounganishwa."

Nilikuwa nasema kweli, na ndiyo aibu yangu. Ningejenga. Fundi hana nyumba. Nyumba ni ya mwenyewe.

Alivua viatu mlangoni mwa chumba cha sita, chumba chake mwenyewe ambacho hulala humo kila usiku bila kuona lolote, kwa sababu mtu hupitia mlango wake kila siku akiwa ameshazoea. Safari hii aliingia kama mgeni. Nilimsikia anasema, kwa sauti ya chini sana, "Ala." 

Nilibaki na Mize. Jua lilikuwa limevuka utosi na uwanja wa mbele ulikuwa mweupe, tupu, ukubwa wa chumba kimoja. Nikawa naupima kwa macho. Siwezi kuacha; hata msibani napima.

"Ami," alisema Mize. "Gauni langu la rangi gani?"

Neno lile lile, na nilikuwa na jibu lake tayari, jibu la akina Faki wote. Samawati, huwa tunasema. Lilinifika kinywani likakwama.

"Si gauni, Mize. Napima chumba."

"Cha nani?"

"Chako."

Alifikiri. "Changu peke yangu?"

"Hapana."

 Alilifunga daftari, akaliweka sawa na ukingo wa mkeka, akalisogeza tena liwe sawa zaidi. "Nina mtihani Jumatatu," alisema. "Wa hesabu." Alilisema hilo kwa utaratibu kabisa, kama mtu anayemweleza karani kwa nini hawezi kusafiri tarehe hiyo, na kwamba karani akiwa muungwana atamwelewa.

Nikajiuliza swali ambalo mafundi hatujiulizi. Kinachooana ni nini? Chumba kipya kinapooana na nyumba kongwe, nani ameridhika? Nyumba haina macho. Waliokufa hawapiti mlangoni. Anayepita ni aliye hai, na yeye ndiye anayeinama. Labda kuoana si kufanana. Labda nyumba kongwe ina jambo ililolianza ikashindwa kulimaliza, na chumba kipya kazi yake ni kulimaliza. Au kuliacha. Sijui. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo, mbele yangu mtoto wa darasa la sita, na nilikuwa naogopa kwamba Bi Somoe atatoka kimya, ajipanguse magoti na kuniambia, piga kamba. Niliogopa hivyo kuliko nilivyowahi kuogopa jengo kuporomoka.

Tukasikia kishindo. Kisha kingine, karibu zaidi. Vilikuwa vitano, vinafuatana, kama mtu anayepiga milango kwa nyundo. Kwenye mlango wa sita Bi Somoe akatokea. Alikuwa amesahau kuinama. Paji lake lilikuwa limepasuka na damu inamtiririka puani, wala hakujifuta, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi. Amembeba Bibi Riziki kiunoni, kama unavyombeba mtoto aliyechoka kutembea, na mkufu wa mtu mzima unaning'inia kati yao.

"Ana njaa," aliniambia. "Fundi, mtoto huyu hajala tangu lini?"



Alimkalisha mkekani karibu na Mize. Mtoto alifinya macho kwa mwanga, basi. Hakuna kilichotokea, dari haikuanguka. Mize alimtazama, akamtazama mama yake, akasogea kumpa nafasi. Bi Somoe aliingia jikoni akatoka na muhogo wa nazi wa asubuhi kwenye sahani, akapiga magoti, akaanza kumlisha tonge kwa tonge. Mtoto alikula kwa pupa. Damu ilidondokea kanga ya Bi Somoe naye alikuwa anasema tu, "Kula, mama. Kula. Taratibu." Mara nyingine analia, mara nyingine anaukunja uso kwa hasira, sijui ya kumkasirikia nani. Mimi, nadhani. Nilistahili.

"Na wale wengine?" nilimwuliza.

"Nitarudi kuwachukua. Siwezi kuwabeba wote mara moja." Aligeuka kuutazama mlango wa ndani. "Yule wa chumba cha sita nimemwambia anisubiri. Amekubali. Anakubali kila kitu, yule, Mungu wangu."

Kisha akasimama, akaunyoosha mkono wake wa kushoto mbele yangu, wima, mgumu, kama anayenikabidhi kitu kizito.

"Pima."

"Nipime nini?"

"Chumba. Utakijenga. Nani kasema hutajenga? Nina watoto saba sasa, watalala wapi? Pima huu. Huu wa leo."

Niliikunjua kamba. Kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Uliuzidi ule ufito kwa vidole vinne na kitu juu. Aliutazama mkono wake pale ulipozidi, sehemu ile ambayo hakuna aliyewahi kuihesabu, akaugeuzageuza.

"Milango mikono minne," alisema.

"Mikono minne. Lakini nikuambie ukweli wa kazi, Bi Somoe. Chumba kitaizidi nyumba kimo. Mtu akiwa barabarani ataona. Watasema Faki hajui kuunganisha."

"Waseme."

"Na milango ya nyuma?"

"Hiyo utaipasua mmoja mmoja."

"Ukuta unaweza kukataa. Ni mawe ya zamani, yamelaliana. Ukiinua linta moja huwezi kujua nyingine itafanya nini."

"Basi utaweka nguzo, Fundi. Au nguzo nazo ni mila?"

Nilikuwa nafunga fundo kwenye kamba kuushika urefu ule nisiupoteze, ndipo hodi ikapigwa nje, hodi ya wazee, ya bakora na kikohozi. Watu wa posa wamefika. Walikuwa wawili, na msemaji wao Mzee Shaali, ami yake bwana harusi, mtu mpole kwa kweli, simlaumu, kanzu yake imepigwa pasi na mkononi amebeba sinia ya halua iliyofunikwa. Waliutazama uwanja. Hapakuwa na kigingi wala kamba.

"Salaam aleikum, Bi Somoe. Tumekuja kuona msingi." Kisha akauona uso wake. "Kulikoni? Umeanguka?"

"Aleikum salaam. Sikuanguka."

"Msingi uko wapi, basi?"

"Unapimwa upya."

"Alhamdulillahi, upimwe. Hatuna haraka ya saa. Tutajie siku tu, tumpelekee jibu mwenzetu. Mkono wa binti si umefika? Tuliambiwa umefika."

"Umefika," alisema Bi Somoe. Alisimama katikati ya mlango wa nyumba yake, shingo imekunjwa chini ya linta, maana mlango ule bado ulikuwa wa kipimo cha zamani. Kisha akapiga hatua moja akatoka nje kabisa, uwanjani, akajinyoosha. Mzee Shaali alilazimika kuinua kidevu ili amwone.

"Sasa tumwambie nini bwana harusi?" aliuliza.

"Mwambieni nimemkuta bibi yangu ana njaa, ana pengo, na anamsubiri mama yake aje kumchukua," alisema Bi Somoe. "Bibi yangu bado mtoto, Mzee Shaali. Mjukuu wake nitamwozaje?"